Aliyezama Ndiye Aliyevishwa Nishani

Nimewahi kushuhudia mtu akivishwa nishani ya kuokoa maisha, wakati aliyezama alikuwa yeye.

Aliyemtoa majini ni mimi. Na nilikuwa pale pale uwanjani, mstari wa nyuma kwenye gwaride, sare imenyooka kwa pasi, napiga makofi kama wenzangu.

Tulia nikusimulie.

Nilikuwa darasa la saba, skauti wa kufa na kupona. Sare yangu niliitundika mahali ambapo nikifumbua macho naiona. Mkono wa shati ulijaa beji: ya mafundo, ya mapishi, ya huduma ya kwanza. Ya kuogelea niliipata kabla ya wote, ndiyo maana wakanibatiza Chura.

Rafiki yangu tulimwita Kibiriti, kwa wembamba wake na kwa jinsi alivyokuwa mwepesi wa kuwaka. Baba yake alikuwa mkandarasi, mtu mzito, mahema yetu yote yalitoka kwake. Lakini binti mwenyewe hakuwa na maringo hata chembe. Tulikuwa chanda na pete.

Kiongozi wetu alikuwa dada yangu. Tumbo moja, ziwa moja. Mama akituona tunatoka na sare zetu asubuhi, alikuwa anasema yeye kazaa askari wawili.

Basi tukapiga kambi karibu na bwawa.

Mchana mmoja dada akawatuma wenzetu kuni. Mimi na Kibiriti akatuachia masufuria tuyasugue, akasema anarudi sasa hivi. Alikokwenda tulikujua. Kambi ya jirani kulikuwa na kijana aliyekuwa amemteka akili.

Kibiriti akashuka ukingoni kusuuza sufuria. Tope likamtelezesha. Nilisikia maji yakimmeza kabla sijageuka.

Nikajitosa na viatu. Akanikaba shingo, tukashuka wote. Nikamng'ata mkono aniachie, nikamzunguka kwa nyuma, nikamburuta hadi kwenye majani. Nikamlaza ubavu. Akatapika maji, akalia, nami nikalia.

Dada alitukuta tumelowa chepechepe. Alimtenga kila mmoja kwenye hema lake, akaniambia nisimwambie mtu, nimwachie yeye mkubwa alishughulikie.

Nikamwachia. Dada yangu, ningemwogopea nini?

Siku ya gwaride wazazi walikuja. Mkandarasi alikaa mbele na suti yake. Dada akashika kipaza sauti, akaeleza jinsi skauti mmoja alivyoingia majini bila ruhusa akazama, na mwenzake akahatarisha roho kumtoa.

Kisha akataja majina. La kuzama likawa langu.

Nilimkazia macho Kibiriti, nikingoja akatae. Aliinamisha kichwa, akavishwa.

Nyumbani nilimuuliza dada kulikoni. Akanikalisha kitandani, akaniambia kwa upole kwamba ni Kibiriti aliyemdanganya baba yake, na kwamba mzee kashaamini. Nikibisha, nani atamsikiliza mtoto wa kwetu dhidi ya mtu aliyetupa mahema? Akanifuta machozi. Akasema marafiki wa watu wakubwa ndivyo walivyo.

Nikala jiwe, nikanyamaza.

Na Jiwe ndilo likawa jina langu jipya shuleni. Hata vitoto vya darasa la pili vilinionya nisikaribie ndoo, nitazama.

Kibiriti alikuja kwetu mara kadhaa. Nilimwomba mama amwambie nimelala. Mwishowe akaacha kuja.

Sare nikaivua, sijaivaa tena. Maji nayo tukaachana. Wanangu wamefundishwa kuogelea na mtu mwingine, mimi nimekaa pembeni nimeshika taulo.

Dada akapanda. Kiongozi, mkufunzi, hadi kamishna. Kifua kizima kikawa kinameta.

Mwaka jana wakaamua kumpa nishani ya utumishi. Kwa desturi yao, anayevisha ni ndugu wa karibu. Mama mikono inatetemeka siku hizi, akaniomba nimvishe mimi. Nikakubali. Wewe ungemkatalia mama yako?

Nikiwa kwenye korido ya ukumbi, mwanamke mwembamba akasimama mbele yangu. Nilimtambua kwa kovu la meno yangu mkononi mwake.

Nikataka kumpita. Akanishika.

"Sijawahi kukushukuru," akasema. "Kwa kunitoa majini, na kwa kuniachia ile nishani."

"Nani alikuachia?"

"Si wewe? Dada yako alisema umeniomba nikubali. Kwamba baba akijua nilizama na kiongozi hayupo, atamfukuzisha. Kwamba uko radhi kuitwa uliyezama, ili dada yako apone." Akaniachia mkono. "Nilikuja kwenu nikuulize kama ni kweli. Kila nikija umelala."

Miaka yote nimemchukia mtu aliyekuwa anatunza siri akidhani ni yangu.

Nilimkuta dada chumba cha nyuma ya jukwaa, mbele ya kioo, ananyoosha beji zake. Nikamwambia nimeonana na Kibiriti. Hakukana.

"Ningefukuzwa," akasema. "Na wewe ulikuwa mtoto. Nilijua utasahau."

"Ungeniomba tu. Ningekubali."

Akanitazama kupitia kioo. "Najua. Ndiyo maana sikuona haja ya kukuuliza."

Wakaita jina lake. Ukumbi ukasimama. Mama alikuwa mstari wa mbele, anatabasamu kama bibi harusi.

Ningeweza kushika kipaza sauti. Nilifikiria, nisikudanganye. Kisha nikamtazama mama, nikachukua nishani, nikamchomekea kifuani.

Dada akaninong'oneza, meno yakiwa bado nje kwa ajili ya wapiga picha: "Imekaa upande."

"Itakaa hivyo hivyo," nikamjibu.

Hatujaongea tena. Kwa mama naenda siku ambazo yeye hayupo. Ile picha mama kaitundika sebuleni, kila mgeni lazima aonyeshwe.

Kibiriti na mimi tunapigiana simu. Tunaulizana watoto, kazi, afya. Halafu tunakosa cha kusema. Urafiki ulioachiwa utotoni ni kama sare ya utotoni: ni yako, lakini haikuenei.

Ndugu yangu unayesoma, ukiambiwa rafiki kakugeuka, mfuate umsikie kwa kinywa chake kabla hujafunga mlango. Na aliyekuletea habari, mchunguze naye alikuwa wapi siku ile.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu mimi kilinifuta machozi kwanza.