Pepo wa Mjomba Ataka Kimya

Mjomba alirudi mzima kutoka vitani Bama, alikopelekwa na Waingereza kupigana na Wajapani, lakini miaka ilipita na kila kishindo bado kilimpeleka chini ya kitanda. Bibi, mama yake, akakata shauri kwamba kapandwa na pepo wa huko, na dawa ya pepo ni ngoma.

Basi alasiri moja mganga akaja na wapigaji wake uani kwetu, mtaa wa Ng'ambo. Mimi, msichana wa kuota ndoto mchana, nilishamwona kichwani mwangu mjomba kapona, anacheka. Ngoma zilipolia tu, akanivuta chini, akanifunika kichwa kwa mikono yake. Sikulia wala sikuogopa. Nililala pale kama gunia.

"Huyo kapanda!" wanawake wakapiga vigelegele.

Mganga akazinyamazisha ngoma, akainama, akamuuliza pepo kama ilivyo ada: "Nani wewe, na wataka nini?"

"Naam, afande," mjomba akajibu. "Nataka kimya."

"Kimya tu?" Bibi akashangaa. "Mapepo ya wenzetu yataka mbuzi na marashi!"

"Alichotaka pepo hupewa, Bi," mganga akasema. "Ukimnyima atarudi na hasira."

Bibi akaahidi mbele ya watu. Kesho yake kinu kikahamia kwa jirani, na hakuna aliyethubutu kuubamiza mlango.

Mchana ule mjomba alilala juu ya kitanda. Mkewe alikaa kizingitini akimtazama. Nikamuuliza kama yeye amefurahi.

"Sijui, mwanangu," akaninong'oneza. "Nnangojea aamke."