Mikono Themanini ya Kushoto

Karakana nzima ya ushonaji ilimwita Mkavu, jina alilopewa siku ya kwanza tu mbele ya sinia la mchana. Wenzake walipomimina mchuzi juu ya wali, yeye alichota upande ambao mchuzi haujafika, akatafuna punje nyeupe kama anayetafuna karatasi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na vitu vilivyokubali kupita kooni mwake vilikuwa vitatu: wali mtupu, mkate mkavu na kiazi cha kuchemsha kilichopoa. Chochote chenye utelezi kikigusa ulimi, koo lilifunga mlango na tumbo likapanda juu. Dada yake aliita hilo deko. "Tulikulea vibaya," alisema. "Ungepata njaa ya kweli ungekula hata kamba za viatu." Lakini jamani, nani anadeka mpaka mbavu zake zinahesabika?

Usingizi nao ulikuwa umeshamhama. Alipanda kitandani saa tatu kama daktari alivyoagiza, simu akaiacha kwa mama, chai ya jioni akaikata, miguu akaiosha kwa maji ya moto, kisha akalala chali akisikiliza mbwa wa mtaa wa pili mpaka kukakucha. Daktari akasema basi anywe maziwa ya uvuguvugu. Maziwa! Mkavu akamweleza, akajibiwa ajitahidi. Njaa ilifukuza usingizi, kukosa usingizi kukaziba koo, na kila kimoja kilimsingizia mwenzake.

Kilichombakia ni meza ya kukatia. Mkataji wa zamani alikuwa anastaafu, macho yamechoka, na Fundi, mwenye karakana, alishamwambia Mkavu: "Mkono wako umenyooka. Ukimaliza oda hii salama, mkasi ni wako." Maishani mwake hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ana kitu kilichonyooka.

Oda ilikuwa makoti arobaini ya shule, na siku ya kukata mikono ya makoti hayo, Mama Vifungo alimvizia kwenye sinia. Huyu ndiye aliyeshona vifungo vyote vya karakana, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko sindano yake.

"Leo hutoki hapa bila kula kama watu. Mkataji gani anatetemeka kama jani?"

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini, upepo? Nimelea saba, sitashindwa na mmoja. Fungua kinywa."

Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo penye shida. Mbaya unamkatalia. Mkavu akapokea kijiko cha maharage, akabana pumzi, akaanza kuhesabu mpaka kumi kama alivyojizoeza. Alifika sita. Akatoka mbio, mkono mdomoni.

"Hiyo ni mimba changa!" mtu akapaza sauti, karakana ikaangua kicheko.

Aliporudi, aliona haya kulisogelea tena sinia. Hata wali wake mkavu aliuacha. Akaenda moja kwa moja mezani.

Kitambaa cha makoti kina uso unaong'aa na mgongo uliofifia. Mikono hukatwa kitambaa kikiwa kimelazwa uso kwa uso, ili kila mkato utoe wa kulia na wa kushoto. Hilo hata mwanagenzi wa siku mbili analijua. Mchana ule Mkavu alitandaza tabaka baada ya tabaka, zote uso juu, akazilainisha kwa kiganja vizuri ajabu. Mstari wa chaki ulikuwa ukigawanyika kuwa miwili machoni mwake, naye akausubiri uungane ndipo asukume mkasi. Alipomaliza alijiambia: nimeweza.

Saa kumi mshonaji akashika koti la kwanza, akageuza mkono huku, akageuza kule. "Fundi, hebu njoo."

Fundi akafunua rundo lote. Mikono themanini, yote ya kushoto.

"Labda ni shule ya watoto wasio na mkono wa kulia," Mama Vifungo alisema. Hakuna aliyecheka, naye mwenyewe akainamisha kichwa.

Afadhali Fundi angefoka. Aliuliza taratibu tu, "Jana ulilala saa ngapi?"

"Sikulala."

"Na juzi?"

Mkavu akaanza kukusanya mabaki ya kitambaa.

"Mwanangu, mkasi huu haujui kidole wala kitambaa. Siwezi kukupa."

"Nipe wiki moja, Fundi. Nitalala." Aliahidi usingizi kama mtu anayeahidi mvua.

Fundi akauchukua mkasi mkononi mwake. "Kuanzia kesho utakunja nguo na kufunga marobota. Leo nenda nyumbani ukapumzike."

Mama yake alimpokea mlangoni. "Mapema hivi? Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Basi jilaze kidogo."

Akajilaza, uso ukutani. Nje jua lilikuwa bado kali na watoto walipiga mpira kwenye bati. Baadaye mlango ulifunguliwa kidogo, akasikia sauti ya mama ikimnong'oneza dada, nyepesi, sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miezi mingi.

"Usimguse. Leo amelala."

Mkavu akabana pumzi, asiwaharibie furaha.