Dobi Asiye na Harufu Yake

Dobi wa uchochoroni hunusa kila shati kabla ya kulikunja, kisha hulipulizia manukato ya yasmini, liwe linahitaji au halihitaji. Vidole vyake vimekunjamana kwa maji. Cilok, kijinyama cha ukubwa wa panya kirukacho mti hadi mti na kubweka kama mbwa, alichoachiwa na bintiye aliyekwenda masomoni, wiki hii kinabweka usiku kucha, na mwenyekiti wa mtaa ameapa kikibweka tena leo, kesho kinaondoka. Dobi amekilisha papai, amekifunika blanketi, amekisomea dua.

“Dada, mbwa wako wa mfukoni kanikesheza tena,” alilalamika Dadang, muuza tambi, asubuhi hiyo. Akainusa pochi ya kitambaa kinamolala Cilok. “Hii unaifua?”

“Kila siku! Kwani mimi mchafu?”

“Basi ndiyo maana. Hawa humjua mwenyewe kwa harufu. Kinakuita wewe, na wewe unanukia kama shuka za hoteli.”

Dadang alipoondoka, dobi alifungua kabati akanusa nguo zake moja moja, mbiombio. Zote yasmini. Mwishowe akavua mtandio uliolowa jasho, akaukunja vizuri ili autie kwenye pochi ya Cilok, na mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe kwenye chupa ya manukato. Wa kushoto ukaudaka mwenzake.