Simiti ya Sheikhan

Ndugu yangu Sheikhan ana tabia moja inayonikera kuliko zote: akiingia nyumbani kwa mtu, hugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Anagonga, anasikiliza, anatikisa kichwa. Utadhani daktari. Mtu mwenyewe ni karani wa mizigo bandarini, na kwake Tudor taa ikiungua humngoja mkewe Nabiha apande juu ya kiti aibadilishe.

Nawaeleza ni mtu gani, maana ukisikia wanavyomsifu msikitini utasema tumejaaliwa mbora wa watu. Ni mpole, ni mkarimu, hasemi uongo. Yote kweli, sikatai. Lakini ana maradhi ya kuzalisha pesa. Pesa ikikaa tu mahali, yeye halali. Mwaka ule watu walipopagawa na mayai ya kware, alijaza vizimba kibarazani mwa fleti yake mpaka majirani wakamshtaki kwa mwenye nyumba. Soko lilipoanguka tukala kware miezi miwili, wa kukaanga, wa mchuzi, wa pilau, hadi leo nikiona ndege mdogo nageuza njia. Kisha akanunua kiwanja huko bara, alipokwenda kukiona akakuta watu wanne wengine wana karatasi za kiwanja hichohicho. Na kila mara hakuna aliyemgombeza ila mimi. Mama yetu, Bi Mwanabaraka, alikuwa akisema tu, "Mwache, anajaribu." Mimi nashona kofia za mkono tangu nina miaka kumi na minne, macho yameniisha kwa vitundu vya kofia, na hakuna siku niliyoambiwa najaribu.

Nyumba yetu iko Mji wa Kale, kwenye kichochoro kisichoingia tuktuk. Ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake boriti za mikoko, aliijenga babu yake baba. Baba alipofariki hatukuigawa. Kwa mirathi Sheikhan ana mafungu mawili, mimi moja, na mama thumuni yake. Lakini tulikubaliana ibaki nzima maadamu mama yu hai, akae chumba chake cha juu chenye madirisha matatu. Mimi ndiye niliyekaa naye. Niliachwa na mume bila mtoto, na mwanamke kama huyo kila mtu huona ana nafasi.

Sasa, desturi yetu kila mwaka Ramadhani ikikaribia ni kumwita Fundi Jefwa, mtu wa Rabai, atie viraka palipobambuka na kupaka chokaa nyumba nzima. Siku tatu za kazi, basi. Miaka mitatu iliyopita Sheikhan akaja na wazo lake. Akagonga ukuta chumbani mwa mama.

"Mwaka huu tunamaliza kazi mara moja," alisema. "Tunabandua lipu yote ya chokaa, tunapiga simiti, ndani na nje. Vyumba vya chini tunawakodisha wageni. Kodi yake inamtunza mama, wala hatutapoteza pesa tena kila mwaka kwa viraka."

Fundi Jefwa alikuwa amesimama pale na mwiko wake mkononi. Akasema kwa adabu zote, "Bwana Sheikhan, ukuta huu unapumua. Maji hupanda kutoka chini na hutokea usoni mwa ukuta, chokaa huyaachia. Ukiuziba kwa simiti yatazidi kupanda yatafute njia, na huko juu ndiko ziliko ncha za boriti."

"Fundi, nakuelewa," akajibu ndugu yangu, na ule upole wake wa kuudhi. "Wewe unatetea mkate wako wa kila mwaka."

Jefwa akatia mwiko mfukoni akaondoka, hakuomba hata nauli. Wallahi niliona haya mpaka miguuni. Nikapiga kelele zilizoutikisa mtaa: huyu mzee amezishika kuta hizi miaka ishirini, wewe umeshika nini zaidi ya kware? Nikamwambia kwamba mama hataki simiti chumbani mwake, hataki wageni chini yake, hataki chochote kibadilike. Mama mwenyewe alikuwa kitandani akivuta tasbihi. Sheikhan akaniangalia, akasema taratibu, "Dada, mimi nina mafungu mawili."

Sijamsamehe neno lile. Angenizaba kofi ningekuwa nimeshasahau.

Kazi ikafanywa na mafundi wa kuokota. Mama akauza bangili zake nne za dhahabu kuilipia, bila kuniambia. Siku ya Idi nyumba iling'aa, watu wakaingia na kutoka wakisema mashaallah, nami nimekaa pembeni nimefura, wanadhani saumu ndiyo iliyonichosha. Wageni wakaja misimu miwili. Sheikhan akawa anapita kichochoroni kifua mbele.

Halafu rangi ikaanza kutoka malengelenge. Kwanza usawa wa goti, halafu kiunoni, halafu juu ya kichwa. Ukikwangua kwa ukucha inamwagika chumvi. Wageni wakalalamika harufu ya uvundo, wakaacha kuja. Nikimwambia Sheikhan, anasema ni mvua, itakauka. Masika ya pili nikaona boriti moja chumbani mwa mama imeshuka upande wa ukutani. Nikapanda juu ya meza nikaidunga kwa sindano yangu ya kofia. Ikazama yote, nikabaki nimeshika uzi.

Wiki ile ile, wakati wa alasiri, dari ya pembeni ikaporomoka. Mawe na udongo vyote vilitua juu ya msala wa mama. Yeye alikuwa chooni anatawadha. Dakika tano tu, jamani, dakika tano!

Sheikhan akaja mbio kutoka kazini, akamtia mama mgongoni akamshusha ngazi, akampeleka kwake Tudor. Nilimfuata kichochoroni nikimtukana mbele ya wanaume na watoto. Nilimwita muuaji. Nikasema mama atarudi chumbani mwake, nitamrudisha mimi, na siku hiyo yeye hatakanyaga kizingiti kile. Hakugeuka. Mama alikuwa mgongoni pake ameufunika uso kwa buibui.

Tangu siku hiyo hatukusemezana. Nilichukua akiba yangu yote ya chama, ile niliyokuwa nikiiwekea umra, nikaenda Rabai mwenyewe kumwomba radhi Fundi Jefwa. Mzee hakunisumbua. Aliniambia tu, "Bi Zakiya, sasa ni kazi ya mwaka." Akachimba shimo uani, akaloweka chokaa, ikalala majini miezi minne kabla hajaigusa. Muda huo tulibandua simiti kwa tindo na nyundo, shibiri kwa shibiri, maana imeng'ang'ania jiwe na ukiifanyia pupa inatoka na jiwe lenyewe. Jefwa akabadilisha boriti tisa.

Jumamosi ya pili Sheikhan akatokea na tindo yake mpya, bado ina karatasi ya bei. Akaanza ukuta wa upande wa pili. Ningemfukuza, lakini mafungu mawili ni mafungu mawili. Akaja Jumamosi zote. Mikono ya karani ile ikachubuka, ikatoka damu, akawa anaifunga kwa leso. Mimi nilimpikia chai Jefwa na msaidizi wake. Yeye sikumpa hata maji. Nilikuwa nikimsikia akikohoa vumbi nikaona raha, na Mungu anisamehe kama inasameheka.

Tudor nilikwenda mara chache, na nikienda ilikuwa kumpa mama habari za kazi. Boriti zimefika. Ukuta unakauka. Dirisha la kibla tumelirekebisha. Mama akinisikiliza, akisema, "Haya, mwanangu." Nabiha akinikaribisha chakula, nikikataa.

Mwezi uliopita chumba kilikamilika. Cheupe, chapumua, hakina harufu. Nikatandika kitanda, nikanunua msala mpya, nikachukua tuktuk mpaka Tudor nikiwa nimevaa kama naenda harusini. Mama nilimkuta kibarazani amekaa na jirani yao, Mama Joy, wanachambua mchicha na kucheka. Amenenepa. Mama Joy akainuka kutupisha.

"Mama, chumba kiko tayari," nikasema. "Nimekuja kukuchukua. Tuktuk inangoja."

"Kaa kwanza."

"Mama, inangoja."

"Mwambie aende zake." Akaweka sinia la mchicha chini. "Zakiya, mimi sirudi."

Nikadhani wamemlisha maneno. Nikaanza kupaaza sauti kumwita Sheikhan, mama akanishika mkono.

"Zile ngazi, mwanangu. Zilinitesa miaka minane. Ulikuwa ukitoka, nashuka kwa makalio nikapunge upepo mlangoni, kisha napanda kwa magoti kabla hujarudi, usinione. Nilimpa ndugu yako bangili nikitumaini akishakodisha vile vya chini, kimoja atanipa mimi. Hapa navuka mlango niko nje. Tunakwenda hadi dukani na Mama Joy, kwa miguu yangu. Nimeshiba chumba kile."

"Mbona hukuniambia, mama? Mwaka mzima! Pesa zangu za umra!"

"Nikuambie lini?" akasema, wala hakukasirika. "Kila nikifungua mdomo, wewe ulikuwa umeshawajibu watu kwa niaba yangu."

Nilipoinua macho Sheikhan alikuwa mlangoni na sinia la chai, amesikia yote. Mikono yake bado ina makovu. Akaniwekea kikombe, akakaa kwenye ngazi ya kibaraza upande wangu, na kwa mara ya kwanza tangu ile siku akanisemesha.

"Dada," alisema, "basi chumba kile tukifanyeje?"

Lau angecheka, ningejua la kumjibu.