Kuku wa Shangazi Zainabu

Enzi zetu pale mtaani Buyenzi, mtoto hakununuliwa kitabu cha picha. Sisi picha tulikuwa nazo ukutani. Shangazi Zainabu, dada wa baba, alichora ukuta mzima wa ua wake: meli za bandarini zimejaa magunia, bibi harusi mwenye hina, na kuku wakubwa kushinda nyumba. Sisi watoto tulimsagia mkaa, tukamkorogea buluu ya kufulia nguo, tukarudi nyumbani midomo ya buluu, na mama anafoka, “Munakula sabuni sasa?” Ua ulinuka maharage na mafuta ya mawese, nasi tulikaa chini tukibishana kuku yupi ni wa nani.

Shangazi hakuwahi kukaa darasani. Majirani walimcheka. Siku moja mume wake alirudi kutoka kazini, akasema, “Mutu muzima anachezea ukuta kama mutoto!” Kesho yake ukuta ukapakwa chokaa. Shangazi aliosha brashi yake, akaitupa. Hakulia. Nililia mimi.

Nilipokua nikawa mfanyabiashara wa vitenge, na kila mji ninaofika nauliza kwanza iko wapi nyumba ya sanaa. Wenzangu wanakwenda sokoni, mimi nakwenda kutazama picha. Mwaka jana, nilipomtembelea binti yangu Ulaya, niliingia makumbusho madogo ya wachoraji waliojifunza wenyewe. Chumba kimoja kilikuwa cha wanawake peke yao. Mmoja alikuwa mfua nguo. Alichora kuku wakubwa kushinda kanisa. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza kama niko salama, “Ça va, madame?” Nikamjibu kwamba namjua mtu anayechora hivi. Nilipotamka hivyo nilijua nitakaporudi nitafanya nini.

Nilinunua kadi ya ile picha, nikampelekea shangazi huko Carama, mtaa anakoishi sasa, mjane, miaka imemwelemea. Aliisogeza karibu na macho.

“Ni mwanamuke alichora hii?”

“Ndiyo, shangazi. Alikuwa anafua nguo za watu.”

“Na wakaiweka mu nyumba kubwa, watu wanakuja kuangaria?”

“Wanalipa kabisa, ili waingie.”

Akaiinamia tena ile kadi. “Huyu kuku yake haina miguu muzuri. Mi nilikuwa najua miguu.”

“Basi nionyeshe.”

“Apana. Mukono inatetemeka.”

Jumamosi iliyofuata nilifika na makopo ya rangi. Alikataa. Nikarudi Jumamosi nyingine, akakataa tena. Mara ya tatu alinikuta mimi mwenyewe napakaza rangi ukutani kwake. “Utaniharibia nyumba, we!” akasema, akaninyang’anya brashi. Alishika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akasema “Bismillahi,” akavuta mstari mmoja. Ulikuwa mguu wa kuku.

Sasa ni kila Jumamosi, natoka kwangu Kinanira mpaka Carama. Wajukuu wake walikuja mara moja. Walimpiga video, wakaandika “Bibi ni msanii”, wakarudi kwenye simu zao kabla rangi haijakauka. Siwalaumu sana, wao wana picha elfu mfukoni, sisi tulikuwa na ukuta mmoja. Lakini zamani ua ungejaa watoto wakigombea kumsaidia, na leo tuko wawili tu. Yeye amepanda kwenye kiti, anachora mawingu. Mimi, mama mzima, nimepiga magoti, nashika miguu ya kiti isitikisike, na siondoki mpaka amalize.