Ekzosi ya Baba na Masikio ya Bibi

Enzi zetu, barabara ya kwetu Nyamirambo ilikuwa ya udongo mwekundu, na mama zetu waliusugua udongo huo utoke kwenye soksi za shule hadi vidole vikakunjamana. Tuliruka kamba katikati ya njia bila wasiwasi, maana gari likipita mara moja moja tulilisindikiza kwa mbio na kelele. Mpira tuliushona wenyewe kwa majani makavu ya mgomba na mifuko. Kwenye saa ya magharibi kila ua ulinukia mkaa na kitunguu kinachokaangwa, adhana ikasikika, na mama zetu wakaanza kuita majina yetu moja baada ya jingine. Ukijifanya husikii, mama aliongeza jina la baba yako, na hapo ulijua mambo yameharibika.

Baba yangu alikuwa motari. Wasomaji wa Kigali hawahitaji maelezo, lakini kwa wengine niseme tu kwamba alibeba abiria kwa pikipiki. Yake ilikuwa nyekundu, ya injini ndogo, na aliipenda kiasi kwamba Mama alisema ingekuwa na mdomo angeilisha kwanza kabla yetu. Sasa, anayeijua Kigali anajua kwamba hapa hakuna safari ya tambarare. Kama hupandi, unashuka, na kama unashuka, jua utapanda.

Bibi, mama yake Baba, aliishi nasi. Jioni alikaa barazani kwenye mkeka wake, tasbihi mkononi, akitazama njia. Masikio yake yalikuwa karibu yamekwisha. Ili asikie salamu ilibidi umwinamie na kupiga kelele sikioni, naye alijibu taratibu kana kwamba umemnong'oneza. Katika watoto wote aliowazaa, Baba peke yake ndiye aliyekuwa amebaki. Wengine walitoka nyumbani katika siku zile mbaya na hawakurudi. Jambo hilo halikuzungumzwa kwetu, ila tulilijua kwa namna Bibi alivyokataa kula jioni mpaka amwone mwanawe.

"Mama, kula kidogo, anakuja," Mama alimbembeleza, mdomo sikioni mwake.

"Nitakula akija," Bibi alijibu, na sahani ikafunikwa.

Siku moja Baba alimpandisha mfanyabiashara mmoja wa vitenge, mtu mwenye mwili wake, kutoka bondeni kuja kwenye lami. Katikati ya kilima pikipiki ikakohoa, ikapunguza mwendo, ikasimama. Yule bwana akashuka na kuanza kupanda kwa miguu, Baba akiikokota pikipiki ubavuni mwake. Walipofika juu, motari wenzake waliokuwa wakingoja abiria wakaangua kicheko. "Leo abiria ndiye kaileta pikipiki!" mmoja akasema, na maneno hayo yakazunguka mtaa mzima kabla ya Baba kufika nyumbani.

Mwenzake mmoja akamtia maneno: ekzosi ndiyo inayoibana injini. Ikate, itoe vitu vya ndani, injini ipumue, utaona nguvu. Jumamosi Baba akaiingiza pikipiki uani, akachukua msumeno wa chuma, akalikata bomba nyuma na kuvuta nje kipande cha ndani chenye matundu, cheusi kwa masizi. Sisi watoto tulikuwa tumemzunguka kama watu walio msibani. Akaipiga teke la kuwasha.

Kuku walikimbia hadi leo sijui walifikia wapi. Mwiko ulimponyoka Mama ukaanguka kwenye majivu. Na kule barazani, Bibi akainua kichwa.

"Nani huyo?" akauliza.

Nikamkimbilia, nikaweka mdomo sikioni mwake. "Ni pikipiki ya Baba, Bibi!"

"Usinipigie kelele," akasema, "nasikia."

Tulitazamana. Hakuna aliyekuwa amelisikia neno hilo kwake kwa miaka mingi.

Tangu siku hiyo jioni zetu zikabadilika. Pikipiki ilipofika kwenye kona ya chini, kabla hata sisi hatujaiona, Bibi aliweka kiganja sakafuni, akatulia, kisha uso ukamfunguka. "Kaja," alisema. "Leteni chakula." Baba alipoingia getini alimkuta mama yake tayari ananawa mikono, mchangamfu, akimuuliza habari za abiria. Sombe, yale majani ya muhogo, na wali vililiwa vikiwa vya moto. Ninapoikumbuka furaha ya nyumba yetu, hizo ndizo jioni ninazoziona.

Ila kilima hakikudanganyika. Pikipiki iliunguruma kama inaelekea vitani, lakini ikipewa abiria mzito kwenye mwinuko ilichoka mapema kuliko zamani. Na majirani nao walikuwa na masikio. Mzee Idi, fundi cherehani ambaye ukuta wake ulipakana na wetu, alilalamika kwamba kila Baba akirudi mkono wake unaruka na mshono unakwenda upande. Mwishowe akaja Madamu Beata, kiongozi wa mtaa wetu, mama mpole aliyekuwa na tabia ya kukubali chai kwanza ndipo aseme kilichomleta.

"Baba Salma," alisema alipomaliza kikombe, akimwita kwa jina langu, "hii pikipiki iko na kelele mingi. Watoto wachanga wanaamka. Watu wanakuheshimu, ndiyo maana wamenituma mimi. Irekebishe, tafadhali."

Baba akainamisha kichwa kukubali. "Yego, Madamu. Nimesikia."

Kesho yake akaipeleka kwa rafiki yake Bosko, mchomeleaji wa mageti, nami nikafuatana naye kwa sababu shule ilikuwa imefungwa. Bosko aliisikiliza ikinguruma, akacheka mpaka akavua miwani.

"Kelele ya lori, nguvu ya baiskeli," akasema. "Umelifungua bomba kupita kiasi, ndugu yangu. Injini ndogo hivi, ikiwa mwendo mdogo, inataka moshi utoke kwa mpangilio. Ukiuachia wazi, unatoka ovyo na mafuta mabichi yanaufuata. Juu kwenye mbio utaona raha, lakini sisi huku tunaishi kwenye vilima."

Wakashirikiana. Bosko alikata bomba jembamba, Baba akalitoboa matundu, wakalichomea ndani ya lile kubwa. Wakapanda kilima wawili, Bosko nyuma kama abiria, wakarudi wanabishana. Matundu yakazidi, wakatengeneza jingine. Likawa refu mno, wakalipunguza. Alasiri kadhaa zikaisha hivyo, mikono myeusi, wakibishana na kucheka kama wavulana, mpaka siku moja wakapanda hadi juu bila injini kulalamika, Bosko akiwa amekumbatia mfuko wa saruji. Wiki hiyo hiyo Baba akampakia yule bwana wa vitenge. Akampandisha bila kusita, mbele ya motari wote.

"Leo umeilisha nini hii?" yule bwana aliuliza alipokuwa akishuka.

Baba alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na furaha ambayo haikudumu usoni mwake. Kibomba kile cha ndani kilikuwa kimeumeza mngurumo, hivyo aliingia getini kimyakimya, akasimama barazani, na Bibi akashtuka kama aliyeona mtu katokea ukutani. Sahani yake ilikuwa bado imefunikwa. Siku zilizofuata zikawa vilevile. Bibi aliweka kiganja sakafuni, akangoja, akakiondoa. Alianza kutuuliza kama tumesikia kitu. Nadhani ilikuwa heri zamani, alipokuwa amezoea kutosikia chochote. Sasa alikuwa ameonjeshwa kisha akanyang'anywa.

Halafu ikaja ile jioni ya mvua. Baba alichelewa kwa kuwa alijikinga mahali akingoja ipungue. Mama alikuwa jikoni, sisi tumekusanyika kwenye jiko la mkaa tukichoma mahindi. Tulipogeuka, mkeka ulikuwa mtupu. Baba ndiye aliyemkuta. Bibi alikuwa kwenye kona ya chini, amejishika kwenye ua wa watu, mtandio umelowa na kumganda kichwani.

"Sikukusikia," alimwambia Baba. "Sikukusikia, nikadhani..."

Baba alimleta amembeba mgongoni, pikipiki akaiacha hukohuko kwenye mvua. Mama alimbadilisha Bibi nguo na kumfunika mablanketi. Baba aliketi jikoni, maji yakimchuruzika kwenye shati.

"Nikiirudisha kelele, kilima kinanishinda na majirani wananichukia," akasema. "Nikiiacha hivi, mama yangu ataniua kwa huruma."

Mama alikuwa akimimina chai kutoka kwenye chupa. Alikishika kile kizibo cha chupa, akakitazama, akakizungusha vidoleni.

"Kwani hicho kibomba cha ndani lazima kichomewe?" akauliza. "Hakiwezi kutoka na kuingia?"

Baba akakitazama kile kizibo. Kisha akaanza kucheka, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza jioni ile kwa sisi watoto kupumua.

Bosko alikichomoa kile kibomba, akatengeneza mahali pa boliti moja tu. Ukiifungua, kibomba kinavutika nje na mngurumo unarudi, ukiifunga, kimetulia. Kabla ya kukitumia, Baba alimwita Madamu Beata na Mzee Idi, akawaeleza mambo yote bila kuficha. "Ni kutoka kona mpaka mlangoni kwangu tu," akasema. "Na ni kabla watoto hawajalala."

Madamu Beata akamgeukia fundi cherehani. Mzee Idi aliuchezea utepe wake wa kupimia shingoni, akamtazama Bibi pale kwenye mkeka.

"Kama ni kwa ajili ya mukecuru, huyu bibi yetu, basi," alisema. "Lakini saa ya swala aingie kimya."

Ndivyo tulivyoishi. Kila jioni Baba alisimama kwenye kona ya chini, akafunga kitambaa mkononi kwa sababu chuma kilikuwa kinaunguza, akafungua boliti na kuvuta kibomba. Kisha akaja akinguruma kama mkuu wa nchi, na Bibi akasema, "Kaja, leteni chakula." Mtaa mzima uliuzoea mngurumo huo. Mama mmoja alitwambia kwamba yeye husonga ugali akiusikia.

Bibi alifariki baada ya mvua za masika, usingizini, mkono wake ukiwa chini ya shavu. Tulimzika, watu wakakaa nasi, wakaondoka, na Baba akarudi kazini. Jioni ya kwanza nilikuwa nacheza karibu na kona nikamwona akisimama kama kawaida yake. Akatoa spana. Akafunga kitambaa mkononi. Kisha akabaki amesimama pale, spana mkononi, kwa muda mrefu. Akairudisha spana mfukoni, akazima injini, akaikokota pikipiki hadi nyumbani.

Asubuhi yake Mzee Idi alichungulia juu ya ukuta. "Baba Salma, jana ulirudi salama? Sikukusikia." Baba akalia pale uani mbele yetu sote. Mzee Idi alizunguka kupitia getini, akaja akakaa naye kwenye mkeka mpaka chai ikapoa.

Siku hizi naishi Kibagabaga na wanangu. Barabara yetu ni lami safi, na vijana wanapita na pikipiki za umeme ambazo hata paka hashtuki. Wachache wanaobaki na za petroli wanatoboa ekzosi ili wajirekodi video, kisha wakipewa mwinuko kidogo kuelekea Ndera wanashangaa mbona haivuti. Nikiwaeleza habari za moshi na matundu wananiambia, "Mama, hayo yako kwenye intaneti." Huenda yako.

Siwalaumu. Hewa ni safi zaidi, watoto wachanga wanalala, na mimi mwenyewe baada ya kazi hupenda kimya. Nashuka kwenye pikipiki isiyo na mlio, nafungua geti, navua viatu, naingia sebuleni. Wanangu wamekaa pale, kila mmoja na simu yake. Nasimama. Inapita dakika, na zaidi, kisha mmoja anainua kichwa na kuniambia, "Kumbe umefika."