Kufagia Chini ya Migunga

Kosa langu lilikuwa kufagia. Chini ya migunga nyuma ya nyumba yetu Kitengela nilipanda miche mitatu ya kichaka cha porini kinachopenda kivuli, na kila asubuhi nilifagia majani yote yaliyoanguka, nikiogopa kuonekana mvivu. Bila majani ya kuufunika, udongo mweusi ulikauka ukapasuka, na miche miwili ikafa. Jirani yetu, mama mfugaji, alinikuta nikifagia kando ya ule wa mwisho, akacheka.

"Wewe kijana, unafagia msitu? Kwani unangoja wageni huku?"

Niliona aibu sana, nikarudisha majani kwa mikono, hadi la mwisho. Mche huo sasa unanifika kiunoni. Bado naona majani yale kama uchafu, lakini siku hizi nafagia mlangoni tu.